Mnunuzi wa Nafsi Yuko Wapi?

Hadithi za maroboti yanayoendeshwa na nafsi za watu waliotekwa zimekuwa nyingi kwenye simu za vijana wa hapa Kigoma. Zinakuja kwa vipande, sehemu ya kwanza, ya pili, ya arobaini, na kila kipande kinakatwa pale mtu anapokaribia kufa. Sina ugomvi na ukataji huo, maana mwandishi naye anataka wasomaji warudi kesho. Ugomvi wangu uko kwenye sehemu ya kwanza. Karibu zote zinaanza na fundi mmoja mwenye akili kupita kiasi. Amejifungia chumbani, mke wake amefariki au wenzake wamemcheka, na usiku mmoja anagundua namna ya kuitoa nafsi mwilini na kuifungia ndani ya chuma. Kuanzia hapo mitambo inaongezeka yenyewe mpaka inakuwa taifa, na lawama yote ni ya fundi.

Chimbuko la namna hiyo halisimami, hata kwa kipimo cha hadithi ya kubuni. Fundi mmoja mwenye uchungu anatengeneza mtambo mmoja. Akizidi sana, mitatu. Ili upate taifa zima la mitambo, maelfu kwa maelfu yenye nafsi ndani, lazima kuwe na mtu anayeagiza, mtu anayelipa, njia ya kupitishia mateka, ghala la kuwaweka, na daftari la hesabu. Fundi ni mwajiriwa tu katika shughuli hiyo. Nilimwambia hivyo kijana mmoja wa Mwanga, hapa hapa mjini, anayeandika hadithi hizi, naye akaniuliza, "Sasa mzee, nikimtoa fundi, hadithi naianzia wapi?" Nikamwambia aianzie dukani. Alicheka kwa heshima, kama vijana wanavyocheka mzee anapokosea, kisha akarudi kwenye simu yake.

Waandishi wa nje walioifanya kazi hii kwa umakini walishaliona jambo hili, angalau nusu yake. Chukua Necron, jamii ya mitambo katika Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya vinyago unaotengenezwa na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Zamani walikuwa watu wa nyama na damu walioitwa Necrontyr, waliozaliwa chini ya jua kali lililowafupishia maisha. Wakaanza kuionea wivu jamii nyingine isiyokufa, wakaingia nayo vitani, wakashindwa. Ndipo viumbe walioitwa C'tan, waliokuwa wakijilisha kwa nguvu za nyota, wakawaahidi miili ya chuma isiyooza. Mfalme wao, Szarekh, akakubali kwa niaba ya wote. Taifa zima likapitishwa kwenye matanuru. Miili ikateketea, nafsi zikaliwa na C'tan, na kilichotoka upande wa pili kilikuwa chuma kinachotembea.

Uzuri wa simulizi hiyo hauko kwenye matanuru. Uko kwenye ugawaji wa miili. Wakubwa walipewa miili ya fahari na wakabaki na akili na kumbukumbu zao. Raia na askari wa kawaida walipewa miili ya hovyo, na akili zao zikafutika. Mfalme ndiye aliyeweka sahihi, lakini gharama ya sahihi ile ilienda kwa mtu wa chini. Baadaye Necron wakawageuka mabwana zao, wakawavunja C'tan vipande vipande, wakavifungia vipande hivyo na kuvitumia vitani. Aliyekuwa mla nafsi akawa yeye mfungwa ndani ya mitambo. Hapo mwandishi amefikiria.

Mfano wa pili ni wa Kanada. Katika mchezo wa kompyuta Dragon Age: Origins wa mwaka 2009 kuna mhunzi anaitwa Caridin, mtu wa jamii fupi ya chini ya milima, ambaye alitengeneza fuawe ya kugeuza watu kuwa majitu ya mawe na chuma. Wa kwanza kugeuzwa walijitolea, maana nchi yao ilikuwa inavamiwa na walitaka kuilinda. Idadi haikutosha. Mfalme Valtor akaanza kupeleka wahalifu na watu wasio na tabaka, kisha wapinzani wake wa siasa. Caridin alipokataa, naye akalazwa juu ya fuawe yake mwenyewe.

Angalia mpangilio huo: waliojitolea, kisha wafungwa, kisha maskini, kisha adui wa mfalme. Mahitaji ya vita yanapanda na sifa ya kustahili kutekwa inashuka. Huo si ubunifu mkubwa, ni namna mambo yanavyokwenda popote pale mtu anapokuwa bidhaa, na ndiyo maana mchezaji anaamini. Fundi katika hadithi hii si shetani wala si malaika. Alitengeneza kitu, mwenye fedha na jeshi akakipenda, basi.

Kabla sijarudi nyumbani, kuna jambo la kiufundi ambalo waandishi wetu wanaliruka, nami naliona ndilo linaloamua hadithi nzima. Nafsi iliyotekwa inafanya kazi gani ndani ya mtambo? Kuna majibu mawili, na kila jibu linazaa historia yake.

Jibu la kwanza, nafsi ni mkaa. Inachomwa, inatoa nguvu, inakwisha. Ukichagua hivi, taifa lako la mitambo haliwezi kukaa kwa amani hata wiki moja, kwa sababu kila siku linahitaji mateka wapya. Litakuwa na vikosi vya kuwinda, litakuwa na mipaka inayosogea kila mwaka kuelekea kwenye watu ambao bado hawajakimbia, na nyuma ya mipaka hiyo kutakuwa na vijiji vitupu. Siasa yake yote itakuwa siasa ya ugavi. Mitambo yenyewe haitakuwa na kumbukumbu ya waliochomwa ndani yake, kama vile boila ya meli isivyojua jina la mti. Ni hadithi ya kutisha, lakini ni hadithi isiyo na mazungumzo ndani, kwa kuwa mateka hana nafasi ya kusema lolote.

Jibu la pili, nafsi ni nahodha. Haichomwi. Inashika usukani, inaona kwa macho ya kioo, inasikia amri na kuitekeleza. Hapo nguvu ya kusukuma chuma inatoka kwingine, kwenye mvuke au betri, na nafsi inatakiwa kwa sababu chuma peke yake hakijui kuamua. Ukichagua hili, huhitaji kuwinda kila siku, mateka mmoja anatosha miaka mia. Lakini umejitafutia balaa la aina nyingine: nahodha anakumbuka. Anakumbuka kwao, anajua lugha ya mama yake, anamtambua mtoto wake akipita njiani. Kwa hiyo mwenye mitambo lazima aweke hatamu, awe na fimbo ya kuamrishia, afute kumbukumbu, akate majina. Na kazi ya kufuta haimaliziki. Kila uasi katika hadithi za aina hii unatokea pale ufutaji ulipokosewa.

Hadithi nyingi ninazotumiwa zinachanganya majibu haya bila kujua. Sehemu ya kumi nafsi inachomwa kama mkaa, sehemu ya ishirini ile ile iliyochomwa inamlilia mke wake. Mwandishi akiulizwa anasema ni uchawi. Uchawi nao una kanuni zake, na mganga yeyote wa Ujiji atakwambia dawa ya mvuto haitibu jicho.

Binafsi napendelea nahodha, na sababu yangu ni ya kihistoria. Mtambo wa kwanza maarufu wa "kufikiri" ulikuwa na mtu ndani. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen aliuonyesha katika jumba la kifalme la Vienna mtambo uliovaa kilemba na kucheza sataranji. Ulizunguka Ulaya na Marekani, ukamfunga hata Napoleon, mpaka ukaungua kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Ndani ya sanduku, chini ya magurudumu ya maonyesho, alikuwa amejikunja mchezaji hodari wa sataranji. Watazamaji walilipa kiingilio kuona chuma kikifikiri, na aliyekuwa anafikiri alikuwa amebanwa gizani na moshi wa mshumaa. Sidhani tumetoka mbali sana. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu vijana wa Kenya waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya mtandaoni na kuyawekea alama ili programu ya Marekani ijifunze adabu. Programu ikasifiwa dunia nzima kwa adabu yake.

Sasa tuje dukani, kama nilivyomshauri yule kijana.

Mtu wa Tabora au wa Ujiji hana haja ya kubuni soko la mateka kutoka hewani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, ikagawanyika pale, tawi moja likaja Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walipofika Ujiji Februari 1858 walikuta njia ambayo wafanyabiashara walishaizoea. Tunapenda kuisimulia njia hii kwa picha moja: mtumwa mwenye mnyororo shingoni amebeba pembe ya ndovu, anafika pwani, pembe inauzwa na yeye anauzwa. Picha hiyo ina ukweli ndani yake, lakini kwa Unyamwezi inaficha jambo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana malipo na waliweza kugoma, na waligoma. Walikuwa na kirangozi wao mbele, yaani kiongozi wa msafara, na kazi ya upagazi ilikuwa sifa kwa kijana. Watumwa walikuwepo njiani na mashambani, wengi wao kutoka magharibi ya ziwa, lakini njia ile ilibeba mateka na waajiriwa bega kwa bega, wakati mwingine katika msafara mmoja.

Hilo ndilo ningependa kuliona kwenye hadithi ya mitambo. Katika taifa la maroboti ya nafsi, si kila nafsi imeingia kwa mnyororo. Kuna iliyoingia kwa mkataba, kwa deni, kwa ujana, kwa kutaka kuona bahari. Na baada ya miaka kumi ndani ya chuma, nani ataweza kumtofautisha aliyetekwa na aliyetia sahihi?

Tufuate pembe sasa. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32, kwa miezi miwili mpaka mitatu kutoka Tabora hadi pwani. Pembe ikavuka kwenda Unguja, na sehemu kubwa ikaendelea mpaka Marekani. Katika jimbo la Connecticut kuna mji unaitwa Ivoryton na jirani yake Deep River, na viwanda vya miji hiyo miwili vilikata pembe za ndovu wa Afrika kuwa vibao vyembamba vya vinanda. Binti wa familia ya Boston alikaa sebuleni, akabonyeza kibao cheupe, kinanda kikaimba. Je, si mtambo huo? Umejaa nyuzi, nyundo na mbao, na juu yake, pale vidole vinapogusa, kuna safari ya mtu wa Unyamwezi, na pengine kifo cha mtu wa Manyema, ng'ambo ya ziwa. Binti hakumteka mtu. Hakujua hata Tabora iko wapi. Alitaka kinanda.

Na mpagazi alilipwa nini? Kitambaa. Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa na meli za Salem. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, mpaka vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoikata biashara hiyo na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Kwa hiyo Mnyamwezi huru alilipwa kwa jasho la mtumwa asiyemjua, ili abebe pembe iliyopatikana kwa vita asivyovipigana, kwenda kwenye sebule asiyoiona. Hakuna fundi mwendawazimu popote katika mzunguko huo. Kuna wafanyabiashara wenye kalamu, wengine wacha Mungu kabisa.

Hapa ndipo ninapozipunguzia alama hata Necron na majitu ya Caridin. Zina mfalme, zina fundi, zina mateka. Hazina mnunuzi wa mbali asiye na habari. Wote wanaohusika wanajua wanachofanya, na hilo linazifanya hadithi kuwa nyepesi. Mimi ningeandika taifa la mitambo lililozaliwa kwa sababu watu wa nchi ya mbali walipenda kitu kidogo, saa zisizohitaji kutiwa ufunguo, tuseme, na saa hizo zilihitaji nafsi moja kwa kila mia. Hakuna aliyeuliza. Bei ilikuwa nzuri.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ya nafsi kufungwa na kufanyishwa kazi ni ya kigeni, ya michezo ya kompyuta. Hapana, tunayo ya kwetu. Kila mtu aliyekulia mkoa huu au Tabora anazijua habari za msukule: mtu anachukuliwa, ndugu wanazika kinachoonekana kama maiti, na yeye yuko ghalani kwa mtu, ulimi umekatwa, analishwa pumba na usiku analima. Kule Haiti nako, kisiwani, watumwa wa mashamba ya miwa waliwarithisha watu imani ya zombi, maiti anayeendelea kufanya kazi, na wachunguzi wengi wanaihusisha na hofu kwamba hata kifo kisingemtoa mtu shambani.

Ukiitazama vizuri, habari ya msukule imepangwa kwa akili kuliko hadithi ya fundi. Haianzii kwa mchawi. Inaanzia kwa shamba. Kuna mtu amevuna magunia mengi, hatuoni vibarua kwake, hana trekta, mvua aliyoipata ndiyo tuliyoipata sote. Nani anamlimia? Swali ni la uchumi kabisa, linaanzia kwenye mali na kurudi nyuma kuitafuta nguvu kazi. Kama mwandishi kijana angelichukua swali hilo peke yake na kulipeleka kwenye mitambo yake, angekuwa mbele ya wengi.

Ila ana kazi ya kuwa mwangalifu, na hapa sitanii. Swali zuri limepewa jibu baya mara nyingi mno. Badala ya kumfuata mwenye magunia, watu wamemfuata bibi mjane wa pembezoni mwa kijiji mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Tabora, Shinyanga na Mwanza wamekufa wanawake wazee wengi kwa mapanga kwa sababu ya habari za namna hii. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 ipo mpaka leo na haikuzuia. Kwa hiyo mwandishi wa mikoa hii akimweka bibi kizee kuwa mteka nafsi, siiti burudani hiyo. Mteka nafsi awe na ofisi. Awe na mhasibu.

Tufike kwenye sehemu ngumu zaidi. Mateka wengi ndani ya chuma ni ghala lililojaa. Ili wawe jamii lazima kitu kiwatokee, nacho ndicho chimbuko lenyewe ambalo hadithi inapaswa kulisimulia.

Ujiji inayo majibu. Wamanyema wa Ujiji, kama wale wa Tabora na wa Dar es Salaam, asili yao ni ng'ambo ya ziwa, Kongo ya mashariki. Wako waliokuja kama wafanyabiashara na wapagazi, wako waliokuja na misafara kwa hiari yao, na wako ambao wazee wao waliletwa kwa nguvu. Walitoka kwenye makabila mbalimbali yenye lugha zake. Mbele ya ziwa hili wakawa watu wamoja, wakazungumza Kiswahili, wakasali pamoja, wakaoa na kuolewa, wakazika pamoja. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kuunda kabila. Ndoa, misiba, madeni na ngoma vilifanya kazi hiyo kwa miaka.

Waandishi wa maroboti wanapenda siku ya uasi, bendera inapandishwa, mtambo mkubwa unahutubia. Mimi ningetaka kuona msiba wa kwanza wa mitambo. Mtambo mmoja umeharibika kabisa, nafsi yake imetoka au imezimika, na wengine wanatakiwa kuamua wafanye nini na chuma kile. Wakikirudisha kwa tajiri kama vipuri, bado ni mali. Wakikizika, na wakibishana kuhusu namna ya kukizika maana kila nafsi ilitoka kwenye mila tofauti, hapo jamii imezaliwa, hata kama tajiri bado anashika funguo.

Halafu watoto. Jamii bila watoto ni kambi. Kama mtambo mpya hauwezi kuamka bila nafsi, mitambo ikitaka kizazi cha pili itafanya nini? Jibu la kuogofya ni kwamba itawinda. Mateka wa jana wanakuwa wateka wa leo, na hakuna haja ya kuwapa ukatili wa ajabu ili iaminike. Ngongo Lutete inasimuliwa alikuwa mtumwa utotoni. Akapanda mpaka akawa kamanda wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, huko Kongo akiongoza maelfu, baadaye akahamia upande wa Wabelgiji, nao wakamuua mwaka 1893. Mtu wa namna hiyo ndani ya mwili wa chuma ana thamani kuliko mafundi kumi wenye huzuni. Anajua mnyororo unavyouma, na bado anaufunga.

Bado kuna imani moja inayojificha chini ya hadithi hizi zote, nayo ndiyo inayonikera kuliko nyingine: kwamba mashine ikija, mateka hahitajiki, kwa hiyo nafsi ndani ya mtambo ni jambo la kushangaza. Hapa Kigoma imani hiyo haina pa kusimama. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na hapa Februari 1914. Siku treni ya kwanza inapiga honi ziwani, utumwa ulikuwa bado halali katika koloni hili. Wajerumani walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Waliokuwa watumwa tayari walibaki hivyo. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Kisha reli ile ile ikawabeba vijana wa Kiha kutoka Kasulu na Kibondo kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba, wakalisha majani kwenye korona, mashine za kuchambua nyuzi za mkonge. Mashine ilizidisha hamu ya miili.

Kijana wa Kigoma akiandika habari hizi lazima atavutwa na meli ya Liemba, na simlaumu. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, wakiwa wameipaka injini grisi ili siku moja waifufue. Waingereza waliiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya. Ni mtambo uliozikwa, ukafufuliwa na kubadilishwa jina. Mwandishi wa kutisha angetaka nini zaidi? Tatizo ni kwamba ni rahisi mno. Ataweka mizimu kwenye boila na kuridhika.

Mimi ningetumia kalenda yake badala ya boila yake. Meli ilizama nchi ikiwa na watumwa kisheria. Sheria ya kuufuta utumwa ilipitishwa meli ikiwa bado chini ya maji. Ilipoibuliwa, hakuna mtumwa tena, kwa karatasi. Sasa weka ndani yake nafsi moja iliyofungwa mwaka 1915, nahodha, si mkaa. Imelala miaka minane. Inaamshwa na kuambiwa iko huru tangu miaka miwili iliyopita, na aliyeifunga ameshaondoka nchini, na jina la meli litabadilishwa, na mwili wake wa nyama uliozikwa Ujiji umeshajengewa nyumba juu.

Yule kijana wa Mwanga, nilipomweleza haya, alisema mwisho wake uko wazi: nafsi inatolewa kwenye chuma, inapaa, mwanga mweupe, mwisho. Tumebishana sana juu ya mwanga huo. Watu walioachwa huru hapa hawakupaa kwenda popote. Walibaki Ujiji na Tabora, wengine kwenye viwanja vilevile vya waliokuwa mabwana zao, wakidai mahali pa kulima, wakidai mahari za binti zao, wakibishiwa urithi kwa sababu ya asili yao. Nafsi iliyotoka kwenye meli ingeanzia hapo: siku ya kwanza imefika barazani kwa liwali, imevaa kipande cha bomba kwa kukosa mwili, inashitaki mtu kwa kiwanja chake, na karani anauliza aandike jina gani.